Sura ya Sita: Benzi Juu ya Matofali

Ukitafuta gari la kifahari la zamani Lubumbashi, usianzie katikati ya mji. Huko utakuta Land Cruiser na Prado zilizoingia baada ya machimbo kufufuka, na wenyewe hawana nia ya kukaa nazo mpaka zizeeke. Anzia Annexe. Komini hii imezizunguka zile nyingine sita, Lubumbashi, Kampemba, Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, kama ukingo wa sinia, na huku nafasi bado ipo. Parsele za Kisanga, Kasapa, Luwowoshi, Munua na Kalebuka ni pana, zina miembe na kisima, na nyuma ya nyumba, chini ya mabati mawili matatu, mara nyingi kuna kitu kimefunikwa turubai. Gari bovu linahitaji ardhi ya kulala. Mjini ardhi hiyo imeshajengwa duka.

Kilichomo chini ya turubai hufuata historia ya shaba. Picha za mji huu wa miaka ya 1950, ulipoitwa Élisabethville, zimejaa magari ya Kimarekani yenye mikia mirefu na nikeli nyingi, lakini hayo karibu yote yameshayeyuka. Kisha serikali ikaichukua kampuni ya shaba ya Union Minière, ikazaliwa Gécamines, na wakubwa wa kampuni, wafanyabiashara na watu wa serikali wakahamia Mercedes. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, Oktoba 1991 uporaji ukapita mjini, uzalishaji ukaanguka, na mwaka 2003 ukaanza mpango wa kuwaondoa kazini wafanyakazi 10,655 kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Aliyenunua Mercedes mpya mwaka 1982 hakununua nyingine baada ya hapo. Alibaki na ileile, akaiendesha mpaka ikakosa kipuri kimoja, akaiegesha kwa muda. Muda huo ukawa miaka ishirini au thelathini.

Kwa hiyo mnunuzi wa Lubumbashi anakutana zaidi na aina mbili. Ya kwanza ni W116, ile S-Class iliyotoka mwaka 1972 hadi 1980, yenye taa pana za mbele na bampa nene za nikeli. Ya pili ni W126 iliyoifuata, kuanzia 1979 hadi 1991, nyembamba zaidi machoni na yenye plastiki nzito ubavuni. Zipo pia W123, ndugu zao wadogo, ambazo kiwanda kilitengeneza karibu milioni 2.7. Ni magari mazuri na magumu kufa, lakini ukilipa W123 bei ya anasa umelipia nyota ya boneti tu.

Tatizo la kwanza la kuthamini gari hapa ni kwamba hakuna kitabu cha bei. Ujerumani kuna wataalamu wanaolipa gari la kale alama kuanzia 1, yaani kamilifu, mpaka 5, yaani la kujengwa upya, na bei hufuata alama. Nairobi, kwenye Concours d'Elegance inayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, waamuzi huchungulia hadi chini ya mazulia. Sisi tuna komisyoneri. Huyu ni dalali asiyemiliki gari wala duka, mwenye simu mbili na shati lililopigwa pasi, na kazi yake ni kukufikisha mlangoni na kuhakikisha huondoki na fedha zako. Atafunua turubai, atapiga kofi boneti na kusema: “Papa, iyi motoka iko muzuri, inaomba tu batri.” Sijawahi kuona gari lililolala miaka ishirini likaomba batri tu.

Mwache aseme. Baada ya batri itakuja hadithi, na hadithi ndiyo sehemu ya bei unayopaswa kuikata yote kwa pigo moja. Gari hili lilimbeba Rais Mobutu alipokuja Shaba, kama jimbo letu lilivyoitwa wakati huo. Gari hili lilikuwa la gavana. Mobutu alikuwa miongoni mwa wakuu wa nchi waliomiliki Mercedes 600, gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963 na kutengenezwa hadi 1981. Zilitoka 2,677 tu kwa miaka yote hiyo, na ndani yake madirisha, viti na hata kifuniko cha buti huendeshwa kwa mafuta yenye shinikizo kubwa, bila mota za umeme. Ukiwa Kisanga mbele ya 280 S yenye vishikio vya kuzungusha vioo kwa mkono, hauko mbele ya gari hilo. Inawezekana rais alipanda hata hili, siku moja, kutoka uwanja wa ndege wa Luano. Lakini mnunuzi atakayekuja baada yako hatalipa kwa sababu “inawezekana”. Rolls-Royce iliyomo Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam ina thamani ya historia kwa sababu njia yake inajulikana: iliwabeba magavana wa Kiingereza, ikambeba Nyerere, ikaishia makumbusho. Hadithi ya Annexe ikija na picha yenye tarehe na namba ya gari inayosomeka, kaa chini uzungumze. Ikija na mdomo peke yake, sikiliza kwa adabu, kisha omba kitambaa na petroli kidogo.

Kitambaa ni cha kusugulia namba. Kwenye Mercedes za enzi hizo namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria, na kibao chenye namba hiyohiyo huwekwa mbele, juu ya radieta. Futa vumbi jekundu, futa grisi, soma taratibu, maana namba hiyo ina maneno mengi kuliko komisyoneri. Kwa W116 huanza na tarakimu sita zinazotaja aina: 116.020 ni 280 S ya kabureta, 116.024 ni 280 SE ya sindano, 116.033 ni 450 SEL, na 116.036 ni 450 SEL 6.9, iliyotengenezwa 7,380 tu kati ya 1975 na 1980. Herufi za nyuma ya buti hufunguliwa kwa bisibisi na kuuzwa sokoni. Nimeona “6.9” ikiwa imebandikwa, kwa gundi iliyovuja, kwenye gari lenye injini ya silinda sita. Mwenye gari aliniapia kwamba baba yake alilinunua hivyo, na huenda alisema kweli.

Zinafuata tarakimu mbili ambazo Lubumbashi zina uzito kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Kumi na kumi na mbili maana yake gari lilitoka kiwandani na usukani kushoto. Ishirini na ishirini na mbili, usukani kulia. Tarakimu ya pili kati ya hizo inataja giaboksi: sifuri ni ya kuchagua gia kwa mkono, mbili ni ya kujibadilisha yenyewe. Kwenye namba ndefu za baadaye zinazoanza na WDB, angalia tarakimu inayofuata baada ya zile sita za aina: 1 ni kushoto, 2 ni kulia.

Kwa nini uzito wote huu? Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na mpaka wa Kasumbalesa haufiki kilomita 100 kutoka mjini. Ng'ambo ya hapo, Zambia, Tanzania na Afrika Kusini, wanaendesha kushoto. Afrika Kusini ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha Mercedes mjini East London, na magari yake yenye usukani kulia yamekuwa yakipanda kaskazini miaka yote. Mafundi wetu wamejifunza kuuhamisha usukani. Wengine wanaifanya kazi hiyo vizuri sana, kwa usafiri wa kila siku sina neno. Lakini gari la kale lililohamishwa usukani limepoteza kile ambacho mtu wa makusanyo angelilipia, na mara nyingi limepata hatari mpya. Tazama chini ya zulia la dereva uone kama kuna uchomeleaji ambao kiwanda hakikuufanya. Tazama ukuta wa injini upande wa kulia: matundu yaliyozibwa kwa bati yatakuambia usukani ulikuwa wapi. Washa waipa uone zinaanza kufuta mbele ya nani. Usiku, elekeza taa ukutani. Taa za gari la usukani kulia hupandisha mwanga upande wa kushoto, na hapa kushoto ndiko anakotoka mwenzako.

Hata hivyo, jambo hili lina upande wa pili unaotupendelea, na wenye magari wengi wa Annexe hawajui wanacho nini. Ukiacha Burundi na Rwanda, majirani zetu wengi wa mashariki na kusini wana usukani kulia. S-Class iliyoletwa mpya Zaire ikiwa na usukani kushoto tangu kiwandani ni kitu ambacho Ndola, Dar es Salaam au Nairobi hawana kwa wingi, na Ulaya ndicho wanachotaka.

Bodi. Hapa Lubumbashi ina neema: bahari iko mbali. Gari la Mombasa au Dar es Salaam huliwa na chumvi kutoka ndani, na rangi ikibaki inang'aa juu ya bati lililokwisha. Letu huliwa na maji ya mvua yaliyotuama, na hayo yana sehemu zake: chini ya kioo cha nyuma, kwenye mashimo mawili ya pembeni mwa buti, kwenye masanduku ya chini ya milango pale jeki inapoingia, na nyuma ya taa za mbele. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa uipitishe kwenye sehemu hizo. Inapokataa kushika, chini yake kuna puti, sio chuma. Nenda msimu wa mvua ukiweza, asubuhi baada ya usiku wa mvua, uinue mazulia. Kiangazi vumbi hukausha ushahidi wote.

Halafu harufu. Viti vya Mercedes hizi havikujazwa sponji peke yake. Ndani yake mna nyuzi za nazi na manyoya ya farasi, na panya wa Annexe wamelijua hilo kabla yetu. Gari likishushwa matairi likakaa udongoni, mchwa nao hupanda. Ndiyo maana nampa alama mwenye gari aliyelipandisha juu ya matofali, manne manne kila pembe, matofali yaleyale ya kuchomwa yanayofyatuliwa kwa udongo wa vichuguu vya hapa hapa. Huyo alikuwa na nia ya kulirudisha barabarani. Ukivuta kiti cha nyuma ukakuta kiota, hesabu pia nyaya za umeme zilizo chini yake.

Injini usiombe iwashwe. Injini iliyolala ikilazimishwa kuwaka ili kumfurahisha mgeni inaweza kuharibika mbele ya macho yako, na utakuwa umeilipia. Toa plagi, mimina mafuta kidogo kwenye silinda, ngoja, kisha zungusha kwa spana kwenye boliti ya mbele. Ikizunguka bila kukwama, mazungumzo yanaendelea. Gari la kabureta likisimama miaka mingi, fundi yeyote mwenye subira ataifungua na kuisafisha. Gari la sindano ya K-Jetronic ni habari nyingine: petroli iliyokauka hugandisha kigawanya mafuta, na wengi wanaothubutu kukifungua Lubumbashi hawakifungi tena kikafanya kazi. Hapo ndipo unapozaliwa ule uamuzi ambao umeua Benzi nyingi hapa, wa kutoa injini ya Mjerumani na kuingiza ya Toyota. Simlaumu aliyefanya hivyo mwaka 1998 akiwa na watoto wa kupeleka shule. Ila namba ya injini haitalingana tena na kitu chochote, na bei lazima ishuke hadi bei ya Toyota iliyovaa suti.

Sasa karatasi, na hapa nenda polepole kuliko ulivyokwenda chini ya gari. Mali za mji huu zimebadilisha mikono kwa njia ambazo hati haikuzifuata. Novemba 1973 biashara za wageni zilitwaliwa na kugawiwa Wazaire, duka pamoja na vilivyomo, na gari lililokuwa limeegeshwa mlangoni nalo likaenda. Mwaka 1991 uporaji ulikuja. Aprili 1997 majeshi ya waasi wa AFDL yaliingia mjini, na mwenye gari wakati huo hakuulizwa hati, aliulizwa funguo. Kwa hiyo gari linaweza kuwa limekaa katika parsele moja robo karne, majirani wote wakashuhudia, na bado asiwepo mtu mwenye haki ya kuliuza.

Karte roze, yaani hati ya usajili wa gari, peke yake haitoshi ikiwa jina lililoandikwa ni la marehemu, na mara nyingi ni la marehemu. Sheria ya Familia ya 1987 inawaweka watoto wote wa marehemu kwenye daraja la kwanza la urithi, na mjane pamoja na ndugu hufuata wakiwa na fungu lao. Maana yake kijana aliyekufungulia geti na kukutajia bei ni mmoja tu kati ya wenye mali. Yupo dada Kinshasa, yupo kaka Johannesburg, na yupo ndugu mkubwa wa mama mwingine ambaye hakutajwa. Dai kuona muhtasari wa kikao cha familia, uone jina la msimamizi wa mirathi aliyetambuliwa, na mkataba wa mauzo usainiwe naye mbele ya mthibitishaji, namba ya chesisi ikiandikwa yote, tarakimu kwa tarakimu, kutoka kwenye chuma na si kutoka kwenye karatasi ya zamani. Mama mmoja wa Luwowoshi, mjane, aliniwekea kiti na kuniambia bila kupindisha: “Papa, mimi nitakuuzisha, lakini bana ba bwana yangu beko batano. Kwanza uone bale.” Alikuwa muuzaji mwaminifu kuliko wote niliokutana nao, na gari lake lilichukua miezi kununuliwa. Lakini hakuna aliyekuja baadaye kuligonga geti la mnunuzi.

Uliza pia kodi. Kuna vinyeti ya kila mwaka inayokusanywa na idara ya mapato ya jimbo, DRHKAT, na gari lililolala hudhaniwa halidaiwi. Hakikisha kabla ya kusaini, maana deni ni la nani ni swali linalojibiwa vizuri zaidi fedha zikiwa bado mfukoni mwako.

Baada ya hayo yote ndipo bei. Watu hufanya hesabu kwa kupanda: muuzaji anataka hivi, nimshushe hivi. Hesabu ya gari la kale hufanywa kwa kushuka. Anza na thamani ya gari la aina hiyohiyo likiwa zima, linatembea, lina hati, na mtu wa hapa anayelielewa angetoa kiasi gani. Tuseme, kwa mfano tu, dola 8,000 kwa 280 SE. Ondoa matairi na breki zote pamoja na mabomba yake, 900. Ondoa mfumo wa petroli kuanzia tangi, 1,200. Viti na mazulia, 700. Bati na rangi, 1,500, na rangi ya bei rahisi usiihesabu kabisa kwa sababu itabidi irudiwe. Usafiri na ushuru wa vipuri kutoka Ujerumani au Afrika Kusini, 600. Hati na uhamisho wa jina, 300. Umebaki na 2,800. Sasa toa tena sehemu kwa ajili ya usichokiona, na mimi huwa natoa robo. Imebaki 2,100. Hicho ndicho kiasi cha kupeleka Munua, noti safi zisizo na mpasuko hata wa ukucha, maana dola iliyochanika hapa ni karatasi tu.

Mwenye gari anataka 5,000. Zile 2,900 za tofauti haziko kwenye gari, ziko kwenye Jumapili za mwaka 1983 alipoipeleka familia kanisani. Anastahili kuzikumbuka, na wewe hustahili kuzilipia. Bei ina kikomo cha chini pia: milango, vioo, giaboksi na nikeli vikiuzwa kimoja kimoja vina bei yake, na baada ya hapo wanunuzi wa chuma chakavu watapima kilichobaki kwa kilo. Muuzaji anayejua hesabu hiyo hatakuuzia chini yake, naye ana haki.

Je, ulinunue ili uliuze Ulaya? Kwa 6.9 halisi yenye namba zake, pengine. Itabidi ipakiwe juu ya lori, ivuke Kasumbalesa, ipite Zambia mpaka Nakonde na Tunduma, ifike bandari ya Dar es Salaam karibu kilomita 2,000 baadaye, kisha ingoje meli, na kila kituo kina karatasi yake na mtu wake. Gari la dola 2,100 haliwezi kuibeba safari hiyo. 280 S au 280 SE ya Annexe ina soko lake hapa hapa, nalo ni la arusi. Jumamosi za kiangazi maharusi hutafuta Benzi nyeupe au nyeusi ya kuwatoa kanisani hadi ukumbini, na wanakodi kwa saa. Hao hawaulizi namba ya chesisi wala usukani ulikuwa upande gani. Huuliza rangi, huuliza kama kipoza hewa kinafanya kazi, na mjomba wa bibi arusi huuliza kama litatoka Kasapa hadi mjini na kurudi bila kusukumwa.